Uso wa Mgonjwa

Mgonjwa wa saratani akikonda usoni, watu humsoma kabla hawajamsalimu. Mazoea hayo si mapya kwetu. Miaka ya 2000, dawa ya stavudini iliyowanusuru wengi wenye virusi vya UKIMWI iliyeyusha pia mafuta ya mashavu yao, na mtaani mashavu yaliyobonyea yakawa hukumu isiyo na rufaa. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri dawa hiyo iachwe hatua kwa hatua. Marekani ilikuwa imekwisha kuidhinisha, mwaka 2004, sindano ya kujaza mashavu ya watu hao hao. Kumbe fila, yaani dawa hizo za sindano za kujaza ngozi, ambazo leo tunadhani ni mambo ya mastaa tu, ziliwahi kuwa kimbilio la wagonjwa.

Basi mama aliyepitia tibakemikali akitamani mashavu yake ya zamani, tumwite mpenda anasa? Sioni kwa nini. Huenda hatafuti ujana. Anataka tu kufika sokoni bila kupewa pole njia nzima.

Haijathibitika kwamba fila huleta saratani, na ile inayotumika zaidi, asidi ya hayaluroniki, hata mwili wenyewe huitengeneza. Tatizo la kwanza ni wakati. Tibakemikali hupunguza seli nyeupe za damu, na tundu dogo la sindano likaweza kupitisha maambukizi mazito. Dawa zinazoamsha kinga ya mwili zinaweza kuivimbisha hata fila ya zamani. Kwenye picha za PET, za kutafuta saratani mwilini, shavu lililojazwa huweza kudhaniwa kuwa na uvimbe. Na kwa yeyote, mzima au mgonjwa, fila ikiingia kwenye mshipa wa damu huweza kuua ngozi, hata kupofusha jicho.

Mengi ya hayo hupungua mgonjwa akizungumza kwanza na daktari wake wa saratani. Lakini atazungumzaje, ilhali anajua atakavyotazamwa? Juzi tulikuchangia matibabu, leo unataka urembo? Hunyamaza, akaenda saluni ambako hakuna anayemuuliza anatumia dawa gani. Mimi namlaumu mchomaji asiyeuliza kuliko mgonjwa asiyesema, na sisi tuliomvisha aibu hatujasalimika.

Daktari, muulize mgonjwa wako kuhusu uso wake kama unavyomuuliza kuhusu hamu ya kula. Nawe mgonjwa, mwambie, hata kama sindano hiyo uliichoma miaka mingi iliyopita.