Njia ya Kwenda Makimbilio

Somo: Hesabu 35:9-15, Kumbukumbu la Torati 19:3



Wengi wetu tuna ndugu Marekani. Wengine makaratasi yao yako sawa, wengine bado. Juzi baada ya ibada mama mmoja aliniuliza, "Pastor, msichana wangu huko ameacha kwenda kanisani, anaogopa kushikwa. Anakosea?" Hakosei kuogopa. Lakini swali lake linaleta lingine: je, ni haki serikali ijiwekee mpaka na kusema, mahali hapa hatumshiki mtu?

Tangu 2011, idara ya uhamiaji ya Marekani ilikuwa na mwongozo kwamba maafisa wasikamate watu kanisani, shuleni, hospitalini, harusini wala mazishini, ila kwa dharura ama kwa kibali cha wakubwa. Mwaka wa 2021 mwongozo huo ulipanuliwa. Lakini haukuwa sheria ya Bunge, ulikuwa agizo la ofisi. Ndiyo maana Januari 2025 serikali mpya iliufuta mara moja, ikisema wahalifu hawatajificha tena makanisani na mashuleni. Makanisa yalienda kortini. Jaji mmoja wa Maryland aliwapa kinga baadhi ya walioshtaki, na jaji mwingine wa Washington akawanyima wengine. Julai mwaka huo, askofu Mkatoliki wa San Bernardino, California, aliwaruhusu waumini wanaoogopa kukamatwa wasije misa ya Jumapili. Hebu fikiria mchungaji akifika hapo!

Hoja ya serikali tusiidharau. Warumi 13 iko kwa Biblia zetu. Na Mungu hakutaka madhabahu iwe pango la wauaji: Kutoka 21:14 inasema aliyeua kwa hila aondolewe hata hapo. Yoabu alishika pembe za madhabahu na hazikumwokoa. Kwa hivyo mtu akiwa hatari kweli, na afisa ana hati ya jaji, kanisa lisimfiche.

Lakini tazama ile miji sita ya makimbilio.

Kwanza, haikuwa ya Waisraeli peke yao. Mgeni aliyekaa kati yao alitajwa pia.

Pili, haikufuta kesi. Aliyekimbilia huko bado alisimama mbele ya mkutano, akahukumiwa. Mji ulizuia tu mlipiza kisasi asitangulie hukumu. Na huyo alikuwa ameua mtu, ingawa bila kukusudia! Sasa itakuwaje kwa mtu ambaye kosa lake ni viza iliyoisha?

Tatu, Mungu aliagiza njia ya kwenda huko itengenezwe. Hapa ndipo moyo wangu ulisimama. Makimbilio ambayo watu wanaogopa kuyafikia hayamsaidii mtu.

Mimi nilisoma biashara, kwa hivyo niruhusuni mfano wa duka. Mtu anayedai madeni akisimama kila siku mlangoni pa duka lako, pengine atanasa wadeni wawili. Lakini wateja wengine wote, hata wasio na deni, watapita ng'ambo ya barabara. Hasara inakuwa yako, na hata wao watalala bila unga. Ndivyo ilivyo hospitalini na shuleni. Mtoto aliyezaliwa Marekani, raia kamili, hapelekwi kliniki kwa sababu mamake hana makaratasi. Mke mwenye makaratasi anabaki nyumbani na mumewe asiye nayo. Na serikali imepata nini pale ambacho haingepata kwingine? Bado ina barabara, korti na ofisi zake. Kuiomba iache milango michache si kuiomba iache kazi.

Sisi Wakenya si wageni wa jambo hili. Tarehe 7 Julai 1997, siku ya Saba Saba, polisi waliingia All Saints' Cathedral hapa Nairobi na kuwapiga watu waliokuwa ndani. Nchi nzima ilihisi kwamba kuna mpaka umevukwa, hata watu wasiojali siasa.

Basi tusidai kwa Wamarekani kitu ambacho sisi wenyewe hatutoi. Katika makanisa yetu wamo Wakongo, Warundi, Waethiopia, ndugu kutoka Sudan Kusini. Akiingia mmoja wao, asiulizwe kitambulisho kabla ya kuonyeshwa kiti. Asitishwe na mwenye nyumba wala mwajiri kwamba "nitakuitia polisi", kisha Jumapili tuimbe naye pamoja. Walawi 19:34 inatukumbusha kwamba hata Israeli walikuwa wageni Misri.

Na mwenye ndugu huko ng'ambo, mwambie asipeleke kesi yake kwa broka wa vichochoroni. Atafute wakili wa uhamiaji anayetambuliwa, asimame mbele ya sheria akiwa na mtu wa kumsemea.

Wiki hii, kila ushirika wa nyumbani uombe kwa majina: ndugu zetu walio mbali, na pia yule mgeni anayeishi kwenye ploti yako. Kisha mtu mmoja aende amgongee mlango, amwambie Jumapili tutapitia kwake twende pamoja.