Usimkisie Mgeni Lugha Yake

Mwanangu, keti. Hili nimelisema kwa wengi kabla yako, na nikijaliwa uhai nitalisema kwa watakaokufuata, maana kila kijana anayejenga tovuti ya lugha nyingi katika mji huu wa London hujikwaa palepale.

Unajivunia kwamba ukurasa wako una anwani moja tu. Kivinjari kinatuma Accept-Language, kinaomba sw-KE kwanza, kisha sw, vikikosekana basi en, kila chaguo na uzito wake usiozidi 1. Seva inasoma na kutoa lugha iliyoombwa. Ni uungwana, siukatai. Ila umesahau kwamba katikati ya seva na msomaji kuna kashe, na kashe ni karani mwenye kumbukumbu kali asiyeuliza maswali. Wa kwanza asubuhi akiomba anwani ile kwa Kiingereza, karani anaweka nakala. Bibi wa Newham akija baadaye na Kiswahili chake anapewa Kiingereza kilekile, na seva yako haina habari kwamba bibi alibisha hodi. Wewe kwenye kompyuta yako huoni kasoro, kwa kuwa hapo hakuna kashe ya katikati.

Utaniambia utaweka Vary. Weka, tena usiache. Tangu kanuni za HTTP/1.1 zilipochapishwa Januari 1997, Vary ndiyo inayoiarifu kashe kwamba jibu hili limetegemea lugha iliyoombwa. Lakini tazama simu za watu wako. Huyu ana sw-TZ na en-GB, yule ametanguliza en-GB, wa tatu amepanga Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza kwa sababu alipitia Bukavu na Brussels. Kila mpangilio unadai nakala yake. Ghala linajaa, nakala haisomwi mara ya pili, na mzigo wote unairudia seva. Zipo pia kashe za kukodi ambazo Vary ya lugha hazijali kabisa.

Katazame waliotutangulia. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza kusikika kutoka hapa London Juni 27, 1957, na redioni kila lugha ilikuwa na saa yake na masafa yake. Kwenye intaneti hawakuiacha adabu hiyo. Kiswahili kiko bbc.com/swahili, Kisomali bbc.com/somali, Kirundi na Kinyarwanda vinakaa pamoja bbc.com/gahuza. Kiserbia kimepewa hata anwani mbili, ya herufi za Kisiriliki na ya Kilatini. Hapo karani hana pa kukosea. Na mtu wa London akimtumia nduguye wa Muscat kiungo kwa WhatsApp, wote wawili wanasoma kitu kimoja.

Basi nawe ipe kila lugha anwani yake, na Accept-Language iache kwenye ile anwani ya mwanzo isiyo na lugha, imwelekeze mgeni kwenye lugha yake na kuishia hapo. Elekeza kwa msimbo wa 302, si 301, maana 301 ni ya kudumu na kivinjari huikumbuka. Tena iambie kashe isilitunze jibu hilo. Mtu akichagua lugha mwenyewe, usimrudishe ulikotaka wewe. Simu nyingi za akina mama hapa ziliwashwa na wajukuu, wakaacha Kiingereza kilichokuja nazo. Na kwenye orodha ya lugha andika "Kiswahili", usichore bendera. Ukichora ya Tanzania, Mkenya atakuuliza, nami sitakuwepo kukutetea.

Lingine, halafu nikapumzike. Siku ya mwisho ya kupeleka maombi ikibadilika, futa nakala za lugha zote kwa pamoja. Nimeona Kiingereza kikisahihishwa saa ileile, Kiswahili kikabaki na tarehe ya wiki iliyopita, na watu wakafika na karatasi zao dirisha limeshafungwa. Hao hawakujua kuna kitu kinaitwa kashe. Fungua kompyuta, tuanze na ukurasa huo wa maombi.