Dai Lina Siku Thelathini

Ijumaa moja, saa tisa alasiri, niliitwa kwa afisa utumishi nikapewa bahasha. Kabla ya saa kumi nilikuwa nje ya geti nimebeba boksi lenye kikombe changu, kikokotoo na mwavuli. Mlinzi niliyesalimiana naye kila asubuhi kwa miaka tisa alilipekua lile boksi bila kunitazama usoni. Barua ilisema kampuni inapunguza wafanyakazi, inanishukuru kwa utumishi wangu na inanitakia kila la heri. Mkurugenzi alikuwa chumba cha pili, mlango kaufunga.

Usiku huo usingizi haukuja, nikaanza kumwandikia barua. Nilimkumbusha mahesabu ya mwaka niliyoyafunga nikiwa na malaria. Nilimkumbusha sikukuu niliyoishindia ghalani nikihesabu mali. Nilimkumbusha yule kijana niliyemfundisha kazi, ambaye yeye kabaki na mimi nimetoka. Niliandika, nikafuta, nikaandika tena. Kila usiku barua iliongezeka aya, hadi ikafika kurasa nne.

Nilipoomba ushauri, watu walinigawia methali. Mke wangu alisema, "Usitukane wakunga na uzazi ungalipo." Alikuwa na hoja. Dar es Salaam ni mji mkubwa ukiwa kwenye foleni ya Mbagala, lakini ukiwa mhasibu ni kijiji tu. Utakapoomba kazi kwingine, mtu wa kwanza kupigiwa simu atakuwa huyo huyo unayetaka kumtolea maneno. Shemeji yangu naye akasema, "Mficha uchi hazai." Naye alikuwa na hoja. Mwajiri aliyeona tisa wametoka kimya, wa kumi atamtoa vivyo hivyo.

Basi nikabaki katikati ya methali mbili zilizotoka chumba kimoja cha uzazi, moja inanifunga mdomo, nyingine inanifungua. Barua ikawa inalala kwenye droo mchana na kuamka usiku.

Aliyenitoa hapo ni mzee mmoja jirani yetu, mstaafu, ambaye ujanani alikuwa kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi kiwandani. Jumapili moja nilimpelekea ile barua, nikiamini atanisifu. Alivaa miwani, akazisoma kurasa zote nne pole pole huku chai yake ikipoa.

"Umeandika vizuri, mwanangu," akasema. "Sasa hapa umeomba nini?"

Nikaichukua barua nikaipitia upya. Kurasa nne, na hakuna ombi hata moja.

"Na leo ni siku ya ngapi tangu upewe bahasha?"

Tukahesabu kwenye kalenda ya ukutani kwake. Ilikuwa siku ya 23.

"Zimebaki saba," akasema. "Uchungu unaweza kukaa nao hata miaka ishirini. Dai lina siku thelathini."

Nilikuwa sijui. Nimefunga mahesabu ya watu miaka yote hiyo, ya kwangu sikuwahi kuyasoma. Kwa kanuni za mwaka 2007, mfanyakazi anayeona ameachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kupeleka mgogoro wake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ambayo wengi tunaiita CMA. Migogoro mingine ya kazi ina siku 60. Ukichelewa, itabidi kwanza uombe kuongezewa muda na ueleze kwa nini ulichelewa. Ningeeleza nini mimi? Kwamba nilikuwa natafuta neno kali zaidi ya "shukrani ya punda"?

Mzee alinifundisha mengine pale pale kibarazani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimkatazi mwajiri kupunguza watu. Biashara huyumba, na hilo lipo. Ila inamtaka atoe taarifa ya nia yake mapema, aweke wazi taarifa zinazohusika, na ashauriane na wafanyakazi au chama chao kabla ya kuamua: kwa nini watu wapunguzwe, kama kuna namna ya kuliepuka hilo, na kwa kigezo gani atoke fulani abaki fulani. Kwetu hakikufanyika hata kikao kimoja. Tulikutana na uamuzi ukiwa ndani ya bahasha.

Kisha tukaingia kwenye stahiki. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua siku 28 au malipo yake. Kiinua mgongo kwa aliyepunguzwa ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Kwa miaka yangu tisa hizo ni siku 63. Kuna likizo ambayo hukuichukua. Na kuna cheti cha utumishi, karatasi ambayo watu huidharau mpaka siku wanapoombwa kuthibitisha walifanya kazi wapi. Kwenye bahasha yangu kiinua mgongo kilikuwemo. Likizo haikuwemo, wala cheti.

Jumatano nilijaza fomu ya Tume. Fomu ile ina nafasi ndogo ya kueleza kilichotokea na nafasi ya kueleza unataka nini. Haina nafasi ya mlango uliofungwa, wala ya mlinzi aliyepekua kikombe. Mwanzoni iliniudhi. Baadaye nikaona ndiyo shule yenyewe, kwa sababu ilinilazimisha kuchagua, katika yote yaliyoniuma, yale ambayo mtu mwingine anaweza kunirudishia.

Usuluhishi ulifanyika katika chumba cha kawaida chenye meza na feni, na mazungumzo yake ni ya siri. Kampuni ilimleta afisa utumishi na wakili. Msuluhishi hakuuliza nani mbaya. Alituuliza kila mmoja anataka nini, akatutenganisha, akatukutanisha tena. Nilijibu kwa dakika tano, bila sauti kupanda. Mara ya pili tulipoitwa tukasaini makubaliano: malipo ya likizo, cheti, na kiasi cha fedha kwa kuruka hatua za sheria. Sikurudishwa kazini, wala sikuomba kurudishwa. Tulipotoka, afisa utumishi alinishika mkono. Nadhani alishukuru kwamba sikumtukana, maana bahasha ile hakuiandika yeye.

Je, uchungu uliisha? Haukuisha. Fedha ziliingia benki, na bado kila nikipita barabara ile nilikuwa nageuza uso upande wa pili.

Miezi kadhaa baadaye tulikutana na mkurugenzi msibani, chini ya turubai, viti vimepangwa mstari mmoja. Tulikuwa tumetenganishwa na kiti kimoja kitupu. Zile kurasa nne zote zikanirudi kichwani, nikachagua sentensi moja.

"Bosi, siku ile hukutoka hata kuniaga."

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Yalikuwa maamuzi ya bodi," akainama kutafuta maji ya kunawa.

Ndivyo ilivyoisha. Sikupata pole wala maelezo. Lakini nilirudi nyumbani mwepesi kuliko nilivyokwenda, na nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nadhani ni kwa sababu wiki tatu nzima nilikuwa namwandikia mtu niliyemtunga mwenyewe, mtu ambaye angeisoma barua yangu, akashika tama, akajuta. Mtu huyo hakuwepo. Aliyekuwepo ni bwana mmoja mwenye njaa msibani, ambaye neno nililolitaka hakuwa nalo. Huwezi kumdai mtu asichokuwa nacho.

Siku hizi nikipigiwa simu na mtu aliyeachishwa kazi, akaniuliza aseme au anyamaze, namwambia kwamba zile methali mbili hazigombani. Mficha uchi hazai, ni kweli, lakini uchi huonyeshwa mkunga, hauonyeshwi soko zima. Ukiweka hasira zako kwenye kundi la WhatsApp la kampuni, umewavulia nguo watu wasioweza kukuzalisha, na picha ya maneno yako itamfikia mwajiri wako mpya kabla hujaripoti. Mkunga wa dai ni Tume, chama chako cha wafanyakazi, au mwanasheria. Mtumishi wa umma ana ngazi zake za rufaa. Mkunga wa uchungu ni mke, rafiki, mzee wa kibarazani, sheikh au padri wako. Tukiwachanganya hawa ndipo tunapoharibu: Tume tunaipelekea machozi, mke tunampelekea hesabu za likizo, na bosi tunampelekea vyote viwili kwa pamoja.

Na bosi mwenyewe asiambiwe kitu? Aambiwe, kama una jambo moja, fupi, unaloweza kulisema mbele yake kwa sauti ile ile unayoombea chumvi mezani. Kama haliwezi kusemwa hivyo, bado halijaiva.

Mwaka jana mwenzangu aliyebaki kule alinipigia. Kampuni ilikuwa inapunguza watu tena. Safari hii, alisema, waliitwa ukumbini wiki kadhaa kabla, wakaonyeshwa hali ya biashara, wakaulizwa maoni. Sijui kama fomu yangu ilichangia. Barua yangu ya kurasa nne haikuchangia, kwa sababu mpaka leo iko kwenye droo.

Wewe uliyepewa bahasha wiki hii, lia kama unalia. Ila kabla hujashika kalamu, chukua kalenda, hesabu siku.