Mifupa ya Yusufu

Wajukuu zangu wa Mkunazini, kaeni hapa barazani, simu wekeni kando kidogo.

Jumapili mmepokea kipaimara, mkapigwa picha mkiwa mmevaa meupe. Nimefurahi. Lakini jioni yake nilimsikia mmoja wenu akinong'ona: "Mwaka mzima naomba kazi, kimya tu. Mungu kanisahau." Neno hilo limeninyima usingizi. Leo nalijibu mbele yenu nyote.

Mungu si Athumani, walisema waliotutangulia. Na mwaka mmoja ni nini? Ibrahimu aliahidiwa nchi nzima. Alipofiwa na Sara hakuwa na pa kumlaza mkewe, ikabidi anunue pango la Makpela kwa Efroni Mhiti, shekeli 400 za fedha, wala hakuomba apunguziwe. Mwenye kuahidiwa nchi akaanza na kaburi! Na usiku wa agano lenyewe alikwisha kuambiwa, bila kufichwa, kwamba uzao wake utatumikishwa ugenini miaka 400.

Yusufu naye, akiwa anakufa huko Misri, aliwaapisha ndugu zake: Mungu akija kuwatoa, mifupa yangu msiiache. Basi hebu fikirini jeneza lile limekaa miaka na miaka, watoto wanazaliwa na kulikuta. Mtoto auliza, "Humu mna nini?" Ajibiwa, "Mzee Yusufu. Anangoja safari." Usiku wa kutoka, wenzake wamejitwika unga usiochacha, Musa aliichukua mifupa ile. Ikaja kuzikwa Shekemu. Katika walioapa hakuwapo hata mmoja siku hiyo, na kiapo kikatimia.

Sasa nendeni kanisani mkautazame ule msalaba wa mti mnaoupita kila Jumapili. Mti wake ulitoka Chitambo, Zambia ya leo, ulikozikwa moyo wa David Livingstone. Alikufa mapema Mei 1873. Mwezi uliofuata Sultani Barghash akatia saini mkataba, na soko la watumwa la hapa hapa Mkunazini, Unguja, likafungwa. Alichokililia, soko hilo kufungwa, hakukiona. Mwili wake waliubeba watumishi wake Chuma na Susi na wenzao, Waafrika, kwa miguu, hadi Bagamoyo, Februari 1874. Chuma mwenyewe alipata kuwa mikononi mwa wauza watu. Wageni huambiwa jina la aliyebebwa. Ninyi yashikeni na ya waliobeba.

Na soko kufungwa hakukuwa mwisho. Amri ya kuuondoa utumwa kisheria Unguja na Pemba ilikuja 1897. Miaka 24! Mtoto aliyezaliwa mtumwa mwaka wa mkataba aliweza kufika umri wa kuoa angali akihesabiwa mali ya mtu. Huyo akisema kasahauliwa, nitamsikiliza kwanza.

Hapo sasa onyo langu. Msije mkasema: kama Mungu hutimiza hata watu wakifa, basi sisi tulale. Someni kitabu cha Hesabu. Waliotoka Misri walifika mpakani, Kadeshi, wakaogopa, wakataka kurudi. Walizungushwa jangwani miaka 40, wakaisha mmoja mmoja. Wakaingia watoto wao, pamoja na Yoshua na Kalebu. Ahadi haikufa, waliokufa ni wao. Jahazi hili la ahadi litatia nanga, sina shaka. La kujiuliza ni kama utakuwamo, au utakuwa umeshuka njiani kwa kuchoka na mawimbi.

Wala agano msilifanye fimbo ya kumpigia jirani. Ibrahimu aliahidiwa kuwa baraka kwa jamaa zote za dunia, na katika mtaa wetu jina lake huheshimiwa msikitini kama kanisani. Mkilitaja, litajeni kwa adabu.

Tena kosa nalikiri, maana nasaha ya mzee asiyejikosoa ni kelele. Kitabu cha Waamuzi chasimulia kwamba baada ya Yoshua kiliinuka kizazi kisichomjua Bwana wala matendo yake. Watoto wale nani aliwanyima habari? Ni wazazi walionyamaza. Nasi vilevile: tumewaachia kanisa la mawe na mnara, hadithi tukawaachia watembeza wageni.

Nawe uliyenong'ona, kazi endelea kuiomba, na kuitafuta pia; barua zako nitazisoma mimi kabla hujazipeleka. Lakini Jumamosi asubuhi njoo twende Mbweni, tukafyeke majani makaburini. Huko Mbweni ndiko walikopewa makao watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa, miaka ya 1870. Naamini waliomba usiku na mchana, na katika maombi yao ninahisi tulikuwamo mimi na wewe, tusiojulikana hata majina.

Panga ninalo. Wewe mlete yule mtoto wa dada yako, apate kuuliza humu amelala nani. Safari hii utajibu wewe.