Hesabu za Mfuko wa Watu Wengi

Somo: 2 Wakorintho 8:16–21



Nina neno la kukiri mbele yenu kabla sijawafundisha lo lote. Miaka kadhaa iliyopita alinijia mtu wa usharika wangu, mfanya kazi wa shamba la mkonge, akaniuliza, "Baba Mchungaji, je, ni dhambi kumwomba mweka hazina wa tawi letu la chama cha wafanya kazi atuonyeshe daftari la fedha?" Maana mweka hazina yule alikuwa pia mzee wa kanisa, mtu wa sala, mwenye kuheshimiwa na wote. Nami kwa kupenda utulivu nalimjibu, "Ndugu yangu, mwache mzee. Usilete fitina kati ya watu wa Mungu." Akainama, akaenda zake, wala hakuuliza tena.

Haukupita mwaka, akafa mmoja wa wakataji wa mkonge. Mjane wake akaenda tawini kuomba fedha za msaada wa mazishi, ambazo mumewe alizichangia kila mwezi. Mfuko ulikuwa mtupu. Mzee yule akalia mbele yangu, akanieleza jinsi ilivyoanza: mtoto wake aliugua, akakopa kidogo katika fedha za chama, akikusudia kuzirudisha mwisho wa mwezi. Hakuna aliyeuliza. Akakopa tena, na tena, hata deni likamshinda. Siku ile naliona watu wawili walioumia, mjane na mzee. Na wote wawili wangalipona kama nisingalimnyamazisha yule aliyeuliza.

Basi tumtazame Paulo. Makanisa yalikuwa yakichanga fedha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Ni nani angalithubutu kumshuku mtume? Walakini hakukubali mfuko ule uwe mkononi mwake peke yake. Alimtuma Tito, na pamoja naye ndugu mwingine aliyechaguliwa na makanisa yenyewe. Sababu yake aitaja wazi: asiwepo mtu wa kuwalaumu kwa habari ya changizo lile kubwa. Alitaka mambo yawe safi mbele za Bwana, na mbele ya wanadamu pia. Angalieni sana hili la pili. Wengi wetu husema, "Mungu aujua moyo wangu," tukadhani yatosha. Paulo hakuona kwamba yatosha. Mungu huuona moyo; mwanachama hawezi kuuona, kwa hiyo aonyeshwe daftari.

Labda mwinjilisti asomaye Maandiko kwa bidii atanipinga, akisema, "Katika 2 Wafalme 12, mstari wa 15, wasimamizi wa matengenezo ya hekalu hawakudaiwa hesabu, kwa kuwa walikuwa waaminifu." Ni kweli. Lakini na aanze kusoma juu zaidi. Hata mwaka wa 23 wa mfalme Yoashi, makuhani walikuwa wamepokea fedha, na nyumba ilikuwa haijatengenezwa. Ndipo Yehoyada alipotwaa sanduku, akatoboa tundu katika kifuniko chake, akaliweka kando ya madhabahu. Na fedha zilipokuwa nyingi, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walizihesabu pamoja kabla ya kuzitoa. Wale wasimamizi waliaminiwa baada ya sanduku kuwekwa na fedha kuhesabiwa na watu wawili.

Sheria ya nchi yetu nayo yasema vivyo hivyo. Ada ya uanachama hukatwa katika mshahara kwa idhini ya mfanya kazi iliyoandikwa, na mwajiri yampasa kuipeleka chamani ndani ya siku 7 baada ya mwisho wa mwezi. Tena Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 52, huagiza kila chama kilichosajiliwa kiandike mapato, matumizi, mali na madeni yake. Hesabu za mwaka zifungwe 31 Desemba, zikaguliwe na mkaguzi aliyesajiliwa, na kufika 31 Machi ziwekwe mbele ya mkutano wa wanachama au wajumbe wao, na mbele ya Msajili. Kisha mwanachama aweza kuzisoma katika ofisi ya chama. Basi aombaye kuziona haombi fadhili, wala haleti fitina.

Mtu asidhani kwamba hatari hii ni ya matawi madogo tu. Huko Marekani kiko chama kikubwa cha wafanya kazi wa viwanda vya magari, United Auto Workers, kilichoanzishwa mwaka 1935. Mwaka 2021 marais wake wawili wa zamani, Dennis Williams na Gary Jones, walihukumiwa kifungo, mmoja miezi 21, mwingine miezi 28, kwa kuwa fedha za wanachama zilitumika katika nyumba za starehe, sigara za thamani na michezo ya gofu. Ikabidi mahakama iweke msimamizi wa nje kwa muda wa miaka 6. Watu waliokatwa mishahara yao kwa jasho ndio walioaibishwa.

Basi, ninyi wanachama, nendeni mkutanoni. Ulizeni huko, kwa adabu, wala msinong'one njiani. Hesabu zikiwa sawa, mshukuruni mweka hazina mbele ya watu wote. Nanyi mnaotunza fedha, toeni stakabadhi kwa kila senti. Msikubali kuhesabu peke yenu, wala kutoa fedha kwa sahihi moja. Aulizaye hesabu si adui yako. Huenda Mungu amemtuma akuzuie mahali ambapo wewe mwenyewe hungejizuia.

Na sisi wachungaji na wainjilisti tuanze nyumbani. Sadaka ya Jumapili ihesabiwe na watu wawili au zaidi, isomwe mbele ya usharika. Mimi nalimwendea yule mfanya kazi, nikamwomba msamaha, naye akanisamehe. Mzee aliuza ng'ombe wake, akamlipa mjane. Lakini mjane alikwisha kumzika mumewe kwa fedha za kukopa, na hilo siwezi kulirudisha nyuma.

Bwana atupe mioyo isiyoogopa kuulizwa. Amina.