Je, Paka Aliyemaliza Kazi Ana Haki?

Suala ninalotaka kulizungumza leo sikulitoa kitabuni. Niliulizwa na mtoto wa kike wa miaka kumi, katika darasa la Hadithi, mbele ya wenzake, na jawabu niliyompa siku ile haikunitosha mimi mwenyewe.

Mimi ni mtu wa pwani niliyeletwa bara na kazi ya kusomesha. Nilipofika Bariadi ilikuwa ni wilaya ya mkoa wa Shinyanga. Tangu mwaka 2012 ndiyo makao makuu ya mkoa wa Simiyu. Ni nchi ya pamba na ng'ombe, na kwenye mbuga zake hulimwa mpunga. Mashariki imepakana na mbuga kubwa ya Serengeti. Waislamu huku ni wachache kuliko kwetu, lakini majirani zetu Wasukuma ni watu wema. Panya ndio walionishinda. Yeyote aliyeweka gunia la mtama au la mpunga chumbani katika nchi hii anajua nisemalo: panya hula, na kile asichokila hukikojolea.

Basi nikachukua paka. Alikuwa paka jike, mwenye milia ya kijivu, na kwa muda wa miaka tisa alinilindia ghala. Sikumpa jina, watoto wa chuo ndio waliompa. Kisha mwanangu akaninunulia kihenge cha bati chenye mfuniko, panya wakakosa pa kuingilia, na paka akakosa kazi. Tena alikuwa amezeeka na meno yamempungua. Kwa kuwa chakula chake kikubwa kilikuwa hao panya, nami nilikuwa nikimtupia ukoko wa ugali tu, alianza kuvizia vifaranga vya mama mmoja jirani yangu. Alikula sita. Yule mama alikuja kwa adabu, akaniambia, "Shehe, paka wako anatumaliza." Mimi niliona haya, na haya ile ikanitia katika kosa kubwa kuliko la paka. Alfajiri moja nilimtia katika gunia la pamba, nikampa dereva wa lori aliyekuwa akienda upande wa Lamadi, nikamwambia amfungue popote penye vichaka. Niliporudi nilikoga, nikaingia darasani.

Baada ya wiki chache tukafika kwenye Hadithi ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Ni Hadithi sahihi, wameipokea Bukhari na Muslim, na kila mtoto wa chuo anaijua: alimfunga paka mpaka akafa, hakumlisha, hakumnywesha, wala hakumwacha akajitafutia wadudu wa ardhini. Yule mtoto akanyosha mkono, akasema, "Maalim, na yule wetu?" Nikamjibu haraka kuwa yule mwanamke alifunga, na mimi nilifungua, kosa lake lilikuwa ni kumzuilia, na mimi sikumzuilia. Mtoto akanyamaza. Wenye kusomesha wenzangu wanajua kuwa mtoto kunyamaza si dalili ya kuridhika.

Nilikwenda nyumbani nikaitazama jawabu yangu, na kwa dhahiri ya maneno nilikuwa sawa. Mtume (s.a.w.) ametaja njia mbili za kuokoka: kulisha, au kuacha huru. Nami nimeacha huru. Lakini nilipofungua mlango wa nafaka, namaanisha mlango wa matumizi ya wanyama katika vitabu vyetu vya Fiq'hi ya Imam Shafii, niliona kuwa wanavyuoni hawakuifahamu njia ya pili kama nilivyoifahamu mimi. Wao wanasema kuwa mwenye mnyama ni wajibu amlishe na amnyweshe. Akimwacha ajichungie mwenyewe inafaa, lakini kwa sharti kuwa anachokipata huko kinamtosha. Kikiwa hakimtoshi, ni juu ya mwenyewe kumwongezea. Maana yake ni kuwa kuachwa huru ni njia ya mnyama kuishi, wala si njia ya mwenyewe kupumzika. Mimi nilimfungulia paka mzee, asiye na meno, kwenye kichaka asichokijua, wakati wa kiangazi. Sharti liko wapi?

Kuna watakaosema, na nilikwisha kujisemea mwenyewe, kuwa paka ni mwindaji kwa maumbile yake, na kichaka ndiyo asili yake. Maneno haya nusu yake ni kweli. Huku Simiyu wako paka pori, wenye rangi ya mchanga na miguu mirefu, na mwaka 2007 wataalamu waliopima nasaba za paka wa dunia walithibitisha kuwa paka wote wa nyumbani asili yao ni paka pori wa Mashariki ya Kati, ambaye ni jamaa wa karibu wa huyu wetu. Katika kisiwa cha Cyprus limechimbuliwa kaburi la mtu aliyezikwa pamoja na paka yapata miaka 9,500 iliyopita. Inaaminiwa kuwa walikuja wenyewe, wakifuata panya waliofuata nafaka za wakulima. Yaani walikuja kwa sababu ile ile iliyonifanya mimi nimtake paka. Lakini kuwa babu yako alikuwa mvuvi hakukufanyi wewe utupwe baharini ukaogelea. Paka huwinda vizuri mahali anapopajua, ajuapo tundu na njia na wakati. Ukimweka ugenini hukuta pana wenyewe, na hukuta mbwa na chui na barabara. Mwenye nguvu huenda akaishi. Mzee ni shida.

Tena si jambo la paka peke yake. Paka wa nyumbani akiingia porini huzaana na paka pori, na kila mahali duniani hili ndilo linalotia khofu kuwa paka pori halisi atapotea. Maradhi nayo hayajui mpaka wa hifadhi. Mwaka 1994 maradhi ya mbwa yaitwayo distempa yaliua yapata thuluthi ya simba wa Serengeti, na yalihusishwa na mbwa wa vijiji vilivyo pembezoni. Na kichaa cha mbwa, licha ya jina lake, humpata paka vile vile, na akikuuma hukupa. Kwa hivyo mwenye paka na ampeleke akachanjwe siku afisa mifugo anapochanja mbwa.

Sasa turudi kwenye mzizi wa suala: paka alichukuliwa kwa kazi, kazi imekwisha, je deni limebaki? Imam Izzud-Din bin Abdis-Salaam, aliyefariki mwaka 660 wa Hijra, amezihesabu haki za mnyama juu ya mwanadamu, na ya mwanzo katika hizo ni kumpa matumizi yanayomfaa, hata akizeeka au akiugua kwa namna ambayo hapatikani naye manufaa tena. Niliposoma hapo nilikifunga kitabu. Miaka mingi nimewasomesha watu kuwa mnyama ni amana, na hili la uzee lilinipita.

Na ukitaka dalili iliyo karibu zaidi, itazame khabari ya Abu Qatada (r.a.). Mkazamwana wake, Kabsha, alimmiminia maji ya udhu. Akaja paka, na Abu Qatada akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa. Kabsha akastaajabu, naye akamweleza kuwa Mtume (s.a.w.) amesema kuwa paka si najisi, kwani ni katika wenye kutuzungukia. Neno hilo la kuzunguka ndilo alilolitumia Mwenyezi Mungu katika Suratun-Nur kwa watumishi na watoto wadogo, wanaoingia na kutoka kwetu mchana kutwa. Basi paka ametiwa katika hesabu ya watu wa nyumba. Wazee wetu wa pwani walilijua hili waliposema kuwa paka wa nyumba haingwa. Nani kati yetu humtia gunia mtumishi wake kwa kuwa amezeeka?

(Hapa niseme neno kwa kupita. Khabari inayosimuliwa sana, kuwa Mtume alikata mkono wa kanzu yake ili asimwamshe paka aliyelala juu yake, haimo katika vitabu vya Hadithi vinavyotegemewa. Tusimsingizie Mtume hata kwa jambo zuri. Ya Abu Qatada yatosha, na ya Abu Huraira pia, aliyepata jina lake kwa kijipaka alichokuwa akicheza nacho alipokuwa mchunga.)

Lakini jirani naye ana haki, na sipendi kumsahau kwa kuwa paka ni mzuri wa kutazama. Imam Nawawi katika Minhaj amelitaja jambo lenyewe hasa: paka akiharibu ndege au chakula cha watu, naye amejulikana kwa tabia hiyo, mwenyewe hulipa, usiku na mchana. Wangapi tunaofuga paka tumepata kuisoma mas'ala hii? Yule mama alikuwa na haki ya vifaranga sita, na mimi nilimlipa kwa kumwondoa paka, malipo ambayo hayakumpa hata kifaranga kimoja.

Nilipopima tena niliona kuwa hapakuwa na mgogoro baina ya haki mbili hizo. Paka yule angepewa chakula cha kutosha, angebaki na tamaa kidogo ya vifaranga, na vifaranga wangefunikwa tenga mpaka wakue. Bei ya tenga ni ndogo. Basi mimi ndiye niliyewagombanisha kwa ubakhili wangu.

Wengi hatujui paka anataka nini. Ugali na wali peke yake havimfai, hata akishiba. Paka ni mla nyama, na ndani ya nyama na samaki muna kitu ambacho mwili wake hauwezi kujitengenezea vya kutosha. Akikikosa muda mrefu macho huharibika, na mwaka 1987 wataalamu wa Marekani walionyesha kuwa moyo wake pia hudhoofika. Huku kwetu dagaa wa ziwa Victoria hufika sokoni kila siku. Kiganja kimoja kikichanganywa na ugali si kitu cha kumfilisi mtu. Maziwa watu humpa kwa mapenzi, lakini paka mkubwa mara nyingi humharisha. Maji ndiyo haki yake. Na jihadharini na dawa: kidonge cha panado humwua paka, na dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa ajili ya kupe, ambayo huku baadhi ya watu huwapaka paka wenye viroboto, nayo huua. Panya aliyekula sumu akiliwa na paka, sumu humfuata paka.

Ama kumfundisha, fimbo haifundishi paka. Atakachojifunza ni kukuogopa wewe, na kosa lake atalifanya usipokuwepo. Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, panya buku hufundishwa kunusa mabomu yaliyozikwa ardhini, kwa mlio mdogo na kipande cha ndizi, bila ya kupigwa. Mmoja wao, Magawa, alipewa nishani ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Ikiwa panya hufundishika kwa ndizi, vipi paka asifundishike kwa dagaa? Mwite kwa sauti moja, umlishe wakati mmoja, atakuja. Mtilie mchanga au majivu kwenye karai mahali pa faragha na ulisafishe, hatachafua nyumba. Akipanda mkekani mshushe, kila mara, bila ya hasira. Yataka subira.

Limebaki jambo moja ambalo bado linanikera. Paka jike huzaa mara mbili tatu kwa mwaka, na watoto hao ndio wanaotupwa majaani. Madaktari wa mifugo wanasema dawa yake ni kumfunga kizazi. Wanavyuoni wetu wa zamani wamekataza kuhasi mnyama asiyeliwa, na sababu yao ilikuwa ni mateso. Baadhi ya wanavyuoni wa zama zetu wameruhusu pakiwa na haja, na ikifanywa kwa njia isiyomdhuru, kwani ni bora kuliko kuwaua baada ya kuzaliwa. Mimi moyo wangu umeelekea kwa hawa, kwa kuwa nimeyaona majaa. Lakini sitamlaumu mwenye kujizuia, maadamu hao watoto atawalea au atawatafutia wa kuwalea. Asiyetaka lolote katika hayo, njia yake ni rahisi: asichukue paka. Hakuna aliyelazimishwa kufuga. Wajibu huja na mkono unaochukua.

Nilikwenda kwa yule mama na kuku watano wakubwa, akacheka, akasema, "Shehe, hivyo vifaranga visingefika kuwa hivi vyote." Tukasameheana. Dereva nilimwuliza alipomfungua paka; alikumbuka mti, hakukumbuka kijiji. Nilikwenda mara mbili, nikaita. Darasani niliwaambia watoto kuwa jawabu niliyoitoa siku ile ilikuwa na makosa, na nikaisomesha Hadithi ile upya tangu mwanzo.

Sasa ninaye paka mwengine, mweusi, aliyekuja mwenyewe wakati wa mvua na kulala nyuma ya kihenge. Panya hawapo wa kukamata. Yule mtoto humletea vichwa vya dagaa katika karatasi kila Alkhamisi, na akifika hatoi salamu kwanza. Hupita moja kwa moja nyuma ya kihenge kutazama kama yupo.