Alama Yako Kwenye Wano

Wajukuu wangu, nawaona mkikimbilia kopo la rangi kabla wano la mshale halijanyooka. Mnunuzi asiyejua atachukua. Anayejua atauzungusha mshale juu ya kucha zake, autazame unavyotikisika, kisha aurudishe mezani bila kusema neno. Kombo haifichwi na rangi. Fito za mawano zikatwe wakati wa kiangazi, zimenywe ganda, zifungwe kitita na kukaushwa kivulini au darini juu ya moshi wa jiko. Baadaye zipashwe kwenye makaa na kunyooshwa kwa mkono. Na kesho zitazamwe tena, maana ufito ambao haujakauka vizuri hurudi kombo usiku uleule.

Halafu sugua. Watu wa pwani walitumia majani ya mti wa msasa, nyinyi mna karatasi ya dukani. Ukishasugua, pangusa wano kwa kitambaa chenye maji, uliache likauke. Utaona nyuzi ndogondogo za mti zimesimama. Sugua tena ziondoke. Mvivu huiruka hatua hii, na mshale wake huwa na ngozi ya kenge hata ukipakwa vanishi mara tatu.

Sasa nisikilizeni hapa. Mababu zetu wa Ukambani walikuwa na alama za ukoo na za mtu binafsi. Waliziweka kwenye ng'ombe, kwenye mizinga iliyotundikwa mitini, na kwenye mishale. Kwenye mshale, alama haikuwa urembo. Mnyama aliyepigwa mshale wenye sumu ya msunguti haanguki pale pale. Hukimbia akafia mbali, na pengine wawindaji wawili walimlenga kundini. Alama ndiyo iliyosema nyama ni ya nani. Na mshale uliokutwa ubavuni mwa ng'ombe wa jirani nao ulimtaja mwenyewe vilevile, apende asipende. Kwa hiyo mtu hakuweka alama kwenye kitu ambacho hakuwa tayari kukijibia.

Ndiyo sababu nawasihi kila mmoja awe na alama moja, na iwe ileile kwenye kila mshale atakaoutoa mkononi mwake. Kwanza waulizeni baba zenu na wazee wa mbari zenu. Msiokote picha kwenye simu mkaiita ya ukoo, kwa kuwa huenda ni ya ukoo wa watu wengine, na wao bado wapo. Na mshale mnaouonea haya kuutia alama, uvunjeni uwe kuni.

Kuhusu kuichora, angalieni sana. Msikate pete kuzunguka wano kwa kisu. Mkato wa namna hiyo huzikata nyuzi za mti, na siku upinde ukivutwa kwa nguvu, wano litavunjikia hapo na kipande cha nyuma kitaingia kwenye mkono ulioshika upinde. Mikwaruzo iwe juu juu na ifuate urefu wa wano, au mchome kidogo kwa msumari uliopashwa moto. Kabla ya kulenga, kila mshale upindwe taratibu na kusikilizwa. Ukilia, haurushwi.

Pete za rangi hazina hatari hiyo, ila zina adabu yake. Brashi itulie, mshale ndio uzunguke, na mstari utajifunga wenyewe. Pete hizo zipakwe kabla manyoya hayajabandikwa, tena karibu na pale yatakapokaa, kwa nyeupe au nyekundu inayoonekana kwenye nyasi kavu. Mwindaji wa zamani alikuwa na sababu ya kujificha, lakini wewe unayelenga shabaha unataka kuuona mshale wako kabla ya jua kuzama. Msipake tabaka juu ya tabaka. Rangi ina uzito, na uzito ukizidi nyuma mshale huenda ukiyumba. Ulaze juu ya kidole: unapaswa kutulia mahali palipo mbele kidogo ya katikati. Mishale ya podo moja ipate rangi kiasi kilekile.

Pale patakapokaa manyoya paachwe wazi, bila mafuta wala nta, kwa sababu gundi haishiki juu ya mafuta. Manyoya ya mshale mmoja yatoke bawa la upande mmoja, yote ya kulia au yote ya kushoto, kwa kuwa yamepinda kwa namna tofauti na ukiyachanganya yatapingana hewani. Zamani nyoya la tai ndilo lililosifiwa. Liacheni. Tai wamepungua vibaya, wengine wako ukingoni mwa kutoweka, na sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 inaweza kukutia hatiani kwa kuwa na kiungo cha mnyama wa porini bila kibali. Bata mzinga wa kufugwa ana nyoya gumu na refu, nanyi mnamla kila Krismasi na kutupa mabawa. Ukano wa ng'ombe au mbuzi bado ni uzi mzuri wa kufungia. Uloweshe, uuzungushe ukiwa laini, na ukikauka utajikaza. Lakini unyevu huulegeza, kwa hiyo ufunikwe kwa vanishi nyembamba.

Wano lenyewe lipakwe mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yale ya seremala, tone dogo kwa kitambaa, kisha lifutwe. Mafuta ya mbarika yanafaa kwa ngozi ya podo. Kwenye wano hayakauki, yatakusanya vumbi. Matambara yenye mafuta ya kitani myatandaze nje yakauke. Yakirundikwa kwenye kona, hupata joto yenyewe na kuwaka moto, na karakana nzima ikaungua. Nta ya nyuki ije mwisho kabisa.

Nimalizie na soko, maana najua ndiko mnakokwenda. Tangu mchongaji Mutisya Munge alipoleta uchongaji Wamunyu, huku Ukambani, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mikono ya Wakamba imelipa karo nyingi kwa fedha za wageni, na sioni aibu yoyote hapo. Ila nimeona mishale iliyopakwa lami kwenye chembe ili mtalii aamini ina sumu. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na mgeni anayekutwa na kitu kama hicho kwenye begi uwanja wa ndege atapata taabu kwa ajili ya hadithi yako. Mtalii akiuliza mbona huu wako hauna weusi mbele, mwonyeshe alama, mwambie ni ya nani na ilifanya kazi gani, na usimshushie bei.